Panya wa Kisiwa cha Marion

Kila mkulima amjua panya mdogo wa nyumbani, yule mharibifu wa ghala. Lakini ni wachache wanaojua ya kuwa panya huyo huyo amestawi katika Kisiwa cha Marion, mahali pasipo shamba wala ghala, penye baridi, theluji na upepo mkali.

Kisiwa hicho ni mali ya Afrika ya Kusini, nacho kiko katika bahari ya kusini, zaidi ya maili 1,000 kutoka Cape Town. Hakina miti wala wenyeji, ila wataalamu wachache wanaopokezana kwa zamu. Panya waliletwa na vyombo vya wawindaji wa sili mwanzoni mwa karne ya 19.

Je, panya aishije katika baridi namna ile? Hujificha mashimoni chini ya majani, akala mbegu na wadudu, hasa viwavi wa nondo fulani asiyeweza kuruka. Viwavi hao hula majani makavu na kuyageuza kuwa mbolea; kwa hiyo panya alapo viwavi, ardhi nayo yapungukiwa. Wakati wa kipupwe chakula huwa haba na panya wengi hufa. Lakini wachache wakisalia, joto lirudipo huzaa upesi sana, maana jike huchukua mimba siku 20 hivi tu. Na katika miaka hii hamsini na zaidi kisiwa kimezidi kupata joto, na majira ya kuzaa yamerefuka.

Mwaka 1949 paka watano walipelekwa huko ili wawale panya wa kituoni. Dawa hiyo ikawa ugonjwa wa pili. Paka walipendelea ndege wa baharini wanaotaga mashimoni, hata kufikia mwaka 1977 walikuwa wapata 3,400, wakiua ndege 450,000 hivi kila mwaka. Kazi ya kuwamaliza iliendelea hadi 1991. Paka wakaisha, panya wakabaki.

Ndipo panya wakawageukia ndege. Mwaka 2003 ilionekana kwamba huwatafuna makinda ya albatrosi, ndege ambaye mabawa yake yakikunjuliwa huweza kufika futi 11. Panya huja usiku, na kinda, ambaye ni mzito kuliko panya mara mamia, hukaa tu kiotani akiliwa akiwa hai. Mababu zake hawakujua adui wa nchi kavu. Mwaka 2023 hata ndege wazima walikutwa wameuawa. Hasara hiyo si ndogo, kwa sababu albatrosi hawa hutaga yai moja tu, tena kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, na robo hivi ya wote duniani huzaliana kisiwani hapo.

Mpango uliopo ni kumwaga chambo chenye sumu kwa helikopta juu ya kisiwa kizima wakati wa kipupwe, panya wanapokuwa na njaa na hawazai. Hapana bonde wala jabali litakaloachwa, kwani akisalia jike mmoja mwenye mimba, kazi yote ni bure.