Utangulizi: Urithi wa Delta ya Tana Wakati wa Vita

Somo la kulinda urithi wa kale vitani kwa kawaida huanzia Timbuktu, ambako mwaka 2012 makaburi ya mawalii yalibomolewa kwa sururu. Miaka minne baadaye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikamhukumu Ahmad al-Mahdi kifungo cha miaka 9 kwa kosa hilo. Mimi nakuomba uanzie Garsen, katika delta ya Tana nchini Kenya.

Mwaka huohuo wa 2012 delta ya Tana iliwaka moto. Tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa kilivamiwa, watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Mapigano ya Wapokomo na Waorma yaliendelea hadi mapema 2013, na waliokufa wakapita 100. Kwa kuwa hapakubomolewa mnara wala kuporwa makumbusho, wataalamu wengi wa urithi hawaligusi tukio hili. Naona wanakosea sana.

Amani ya hapa yenyewe ilikuwa urithi. Wapokomo hulima kandokando ya mto. Waorma huteremsha ng'ombe kunywa maji wakati wa kiangazi, wakipitia malka, yaani njia zilizoachwa katikati ya mashamba hadi ukingoni. Njia hizo zilikuwa na mapatano: nani apite, msimu gani, na ng'ombe wakila mazao alipwe nani. Kesi zilipelekwa kwa wazee wa Gasa upande wa Wapokomo, na wa Matadheda upande wa Waorma. Mengi ya hayo yamo vichwani mwa wazee tu. Malka ikilimwa, kijiji kikachomwa, na mzee aliyeijua mipaka akaishia kambini, ugomvi wa ndama mmoja hukosa pa kuamuliwa.

Uporaji nao haukuanza jana. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, husuguliwa hadi ingurume, na haikuruhusiwa kuonwa na kila mtu. Ilikuwa chombo cha mamlaka ya Gasa. Wakoloni wa Kiingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu 1908 imo mikononi mwa British Museum, London. Wapokomo wangali wakiidai, na wana haki.

Mkataba wa Hague wa 1954 wa kulinda urithi vitani, uliozaliwa na Vita Kuu ya Pili, ulifikiria zaidi majengo, makumbusho na vitabu. Ule wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi usioshikika, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2007, unatukaribia zaidi, ila haukutungwa kwa ajili ya vita. Pengo lililo kati ya mikataba hiyo miwili ndilo uwanja wetu.

Kazi yenyewe hufanywa kabla bunduki hazijalia: kuziandika malka moja baada ya nyingine, wazee wa pande zote mbili wakiwa kikao kimoja, na kukubali kuacha bila kuandikwa kile wanachotaka kibaki siri. Magofu ya Ungwana, karibu na Kipini, nayo yanahitaji macho yako, lakini yanaweza kungoja. Wazee watangulie, na waonwe kabla ya kiangazi.