Kitindamlo, Kitafunwa na Kikombe cha Chai: Lugha ya Vitamu na ya Kula Hotelini, kutoka Pwani hadi Matai

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimejipatia ili kukidhi mahitaji ya hoteli kubwa, shule na ofisi za kisasa, limo neno kitindamlo. Neno hilo lakusudiwa kutaja chakula kitamu kiliwacho mwishoni, baada ya mlo wenyewe kwisha. Limo katika kamusi, hufundishwa darasani, na mwanafunzi aliandikaye katika mtihani hupata alama yake. Hata hivyo, mtu akiingia katika mgahawa wa kawaida mjini Sumbawanga, au katika kibanda cha mama lishe pale Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, akaulizia kitindamlo, yamkini ataulizwa naye anataka nini hasa. Akiulizia kitafunwa, ataletewa andazi kabla hajamaliza kuketi.

Mhadhara huu unachunguza umbali uliopo baina ya maneno hayo mawili. Ni rahisi kusema kwamba la kwanza ni la wasomi na la pili ni la watu, kisha mjadala ukafungwa. Lakini maneno ya chakula hubeba ndani yake utaratibu wa kula: nini hutangulia, nini hufuata, nani ampikie nani, na kwa malipo gani. Istilahi iletayo utaratibu mgeni haiwezi kushika mizizi kwa sababu tu imeundwa vizuri.

Umbo la neno

Na kwa kweli kitindamlo limeundwa vizuri. Kitenzi tinda, ambacho leo kimepungua matumizi, kina maana ya kukata, na pia ya kukomesha jambo. Wazungumzaji wengi wanakijua kupitia neno kitinda mimba, yaani mtoto wa mwisho wa mama yake, ambaye kinyume chake ni kifungua mimba. Kwa kipimo hicho hicho lugha imepata kifungua kinywa kwa chakula cha asubuhi na kitindamlo kwa kile kifungacho ulaji. Mlo umekuwa kama uzao wenye mtoto wa kwanza na wa mwisho. Muundo huu wa ki-, kitenzi na nomino ni wa kale na bado unazaa: kinasa sauti ni ndugu yake. Kwa hiyo anayelilaumu neno hili kwa sarufi yake analionea.

Kitafunwa nalo lina jambo la kutazamwa. Limetokana na tafuna katika kauli ya kutendwa, hivyo maana yake ni kitu kitafunwacho. Wapo wasemao kitafunio, umbo litokanalo na kauli ya kutendea, na baadhi ya walimu husahihisha hili kwa lile. Pengine wanafanya haraka. Kitoweo, neno lisilotiliwa shaka na yeyote, limetokana na towea, na maana yake si kitu kiliwacho peke yake bali kile ambacho kwacho ugali au wali huliwa. Kitafunio laweza kufahamika kwa njia hiyo hiyo: kitu ambacho kwacho chai hunywewa. Ukweli ni kwamba andazi mbele ya kikombe lina cheo kile kile alichonacho samaki mbele ya ugali.

Ndiyo maana Mtanzania huuliza, "Umekunywa chai?" akiwa na maana ya kuuliza kama mwenzake amekula asubuhi. Kitenzi ni kunywa, lakini ndani yake zimo chapati, vitumbua, viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kitabuni akijibu kwamba hapendi chai, hulala njaa hadi mchana.

Utamu usio na mahali pa mwisho

Sababu ya pili ya udhaifu wa kitindamlo imo katika kivumishi -tamu. Katika lugha nyingi za Ulaya ladha ya sukari ina neno lake, na ladha ya kupendeza ina jingine. Kiswahili hakikugawa hivyo. Nyama iliyoiva sawasawa ni tamu, samaki ni mtamu, usingizi ni mtamu na hadithi ni tamu. Mtu akitaka kutenga vitu vya sukari, hana budi kuvitaja kwa majina yake, au kusema pipi, peremende, tamutamu, nayo aghalabu ni maneno ya watoto. Basi "kitu kitamu cha mwisho" ni maelezo yanayosuasua kwa mwenye lugha, kwani kilichotangulia nacho kilikuwa kitamu.

Utaratibu wa mezani wathibitisha hayo. Mjini Mombasa mahamri, ambayo jina lake lina uhusiano na hamira, huliwa pamoja na mbaazi za nazi. Sukari na chumvi hukutana katika tonge moja wala hapana aonaye ajabu. Katika futari ya mwezi wa Ramadhani, tende, kaimati, tambi za sukari na mkate wa kumimina hukaa sinia moja na sambusa na muhogo wa nazi. Kahawa chungu ya barazani haikosi kashata, na halua ya Unguja, ipikwayo kwa wanga, sukari, samli na viungo, haingojei mlo wowote: hukaribishwa mgeni pamoja na kahawa, kama ifanyikavyo Omani hadi leo. Utamu wa pwani haufungi chakula. Kazi yake ni kusawazisha uchungu, kukaribisha mgeni, na kupisha saa za alasiri.

Bara nako, katika sahani ya mama lishe, kipande cha tikiti maji au ndizi mbivu huwekwa kando ya wali, maharage na mchicha, vyote kwa pamoja. Mlaji huamua mwenyewe. Wengine hula ndizi katikati ya wali, wengine huiacha hadi mwisho. Huyu wa pili, kwa mujibu wa kamusi, amekula kitindamlo. Mwenyewe hana habari.

Safari ya kupanda Ufipa

Ufipa ni uwanda wa juu, na mji wa Sumbawanga umekaa kwenye kimo cha takriban meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai baridi yake ni ya kutetemesha. Matai iko kusini-magharibi ya mji huo, mahali ambapo barabara zinaachana: moja yaenda bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika, ambayo wakati wa Wajerumani iliitwa Bismarckburg, na nyingine yaenda Kasesya kwenye mpaka wa Zambia. Wilaya ya Kalambo ilianzishwa mwaka 2012, na mji mdogo ukishakuwa makao ya wilaya huhitaji haraka mahali pa kula: watumishi waliohamishwa bila familia zao, madereva, wenye kesi, wenye kufuata vyeti. Kula hotelini huanzia hapo. Raha huja baadaye, mtu akishapata mshahara na mwenzake wa kuketi naye.

Yafaa kukumbusha kuwa hoteli, katika Kiswahili cha bara, ni mahali pa kula. Anayetafuta kitanda huulizia gesti. Neno la Kiingereza limepokewa likabadilishiwa kazi. Mgahawa nalo limetoka mbali: asili yake ni mkahawa, nyumba ya kunywea kahawa, na kahawa ni neno la Kiarabu. Leo mgahawa wa Sumbawanga waweza kuuza ugali na migebuka ya ziwani mwaka mzima bila kuchemsha kahawa hata birika moja, na jina halilalamiki.

Majina ya vitafunwa yalipopanda uwanda huu, vitu vyenyewe vililazimika kubadilika. Kitumbua cha pwani ni cha mchele, tui la nazi na hiliki. Mnazi haumei katika baridi ya Ufipa. Mchele hupatikana, kwa kuwa mpunga hulimwa bondeni katika Ziwa Rukwa. Lakini tui aghalabu halipo, na mafuta ya kukaangia huwa ya alizeti ya huko huko. Aliyezoea vitumbua vya Tanga atasema hivi si vitumbua. Atakuwa amekosea, kwani neno halikuahidi nazi. Kashata vivyo hivyo: pwani mtu husikia nazi, bara husikia karanga, na karanga Ufipa si haba. Andazi ndilo lililosafiri kwa wepesi zaidi, labda kwa sababu halidai kitu zaidi ya unga wa ngano, sukari, hamira na mafuta, na labda kwa sababu jina lake, litokanalo na andaa, halitaji kiungo chochote. Ni kitu kilichoandaliwa, basi.

Kabla ya sukari ya viwandani, nyanda hizi zilikuwa na utamu wake: asali, viazi vitamu, na togwa, kinywaji cha unga na kimea cha ulezi kinyweacho na wakubwa kwa watoto katika nyanda za juu kusini. Kinachosikitisha ni kwamba ulezi, zao la heshima katika Ufipa na chimbuko la ugali mweusi na la pombe ya kienyeji, hauonekani katika kabati la kioo la vitafunwa. Kabati hilo limetawaliwa na ngano. Hapana sababu ya upishi inayouzuia. Sababu ni ya hadhi, na hadhi hufuata majina. Ulezi umeitwa chakula cha nyumbani, ngano ikaitwa chakula cha hotelini, na mteja hatoki nyumbani kwenda kulipia alichokiacha jikoni.

Sukari, kwa upande wake, husafiri mbali kutoka viwanda vya Kilombero, Mtibwa, Kagera na Moshi. Ilipoadimika na kupanda bei mwanzoni mwa mwaka 2024, athari yake ilionekana kwanza katika kitafunwa. Muuzaji hawezi kupandisha bei ya andazi kila juma, kwa kuwa bei yake ni ya sarafu moja au mbili. Anachoweza ni kulipunguza ukubwa, na wateja huliona.

Jina la mpishi

Katika haya yote yuko mwanamke ambaye lugha imemwita kwa majina mawili. Mama ntilie ni jina lililozaliwa na kauli ya mteja mwenyewe: "Nitilie," yaani nipakulie. Ni jina la karibu, lenye mzaha kidogo, na wapo waliloliona la dharau. Ndipo lilipokuja mama lishe, ambalo ndilo hupendwa katika hotuba na nyaraka. Baba lishe akafuata.

Ubishi juu ya majina hayo haukuwa wa adabu tu. Chini ya sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, mtu asiyeweza kuonyesha kazi inayotambuliwa aliweza kuhesabiwa mzururaji na kuondolewa mjini, na wachuuzi wa Dar es Salaam, wenye kuuza chakula wakiwamo, waliipata adha hiyo. Mwanamke aliyelisha wafanyakazi wa bandari tangu alfajiri alikuwa, machoni pa sheria, hana kazi. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mwishoni mwa mwaka 2018, Serikali ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mama lishe wakahesabiwa humo. Sufuria ni ile ile. Kilichobadilika ni neno lililoandikwa kwenye kadi, na neno hilo lilimwezesha kumjibu mgambo.

Keki mahali pake

Iko hafla moja ambapo kitindamlo kingetarajiwa kupata kiti, nayo ni arusi ya mjini. Keki ipo, tena ya ghorofa, na mshereheshaji huitangaza kwa sauti kubwa. Lakini hukatwa kabla ya chakula. Maarusi hulishana kwanza, kisha huwalisha wazazi wa pande zote mbili, picha hupigwa, na hapo tu ndipo wageni huruhusiwa kupanga mstari wa wali na kuku. Kitamu kimetangulia mlo, kwa kuwa kazi yake ni ya heshima: kuonyesha nani amemlea nani. Katika arusi nyingine huja ndafu pia, mbuzi mzima wa kuchoma aliyepambwa, desturi iliyoenea kutoka Uchagani. Naye huingizwa kwa ngoma, huwekwa mezani, hukatwa na kulishwa wazazi kwa mkono, sawasawa na keki, ila kwake hapana sukari hata chembe.