Mwili, Jina na Kiti: Mchekeshaji Mkuu Akifa, Kipindi Kiendelee?

Mchekeshaji mkuu wa kipindi cha televisheni akifariki, kipindi kiendelee au kifungwe? Kwa kawaida tunalijibu swali hili kwa moyo. Mmoja anasema kuendelea ni kumvunjia marehemu heshima. Mwingine anasema kufunga ni kuwanyima wenzake riziki, maana kipindi kimoja kinalisha nyumba nyingi. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo sababu ubishi hauishi. Mimi nasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na naona kwamba sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya majina. Makala haya yanajaribu kulieleza hilo.

Tutenganishe kwanza mambo matatu. Kuna mwili: sauti, uso, mwendo na kicheko cha mtu mmoja tu. Kuna jina: lile ambalo mhusika anaitwa ndani ya mchezo. Na kuna kiti: nafasi anayokalia kati ya wengine, yaani baba wa nyumba, hakimu, jirani mkorofi, bosi. Mwili ukizikwa, umezikwa. Swali linabaki juu ya jina na juu ya kiti.

Jina lililoshikana na mwili

Tarehe 18 Julai 2020 alifariki Nairobi mwigizaji Charles Bukeko, kwa ugonjwa wa korona. Watazamaji walimjua kwa jina la Papa Shirandula, ambalo ndilo jina la tamthilia ya kuchekesha aliyoibuni na ambayo Citizen TV iliionyesha kwa zaidi ya miaka kumi. Papa ni mlinzi wa mlangoni, mtu ambaye hapa Lubumbashi tungemwita zamu. Nyumbani lakini mke wake, Wilbroda, anaamini kwamba bwana wake ana kazi kubwa ya ofisini. Kichekesho kinasimama juu ya uongo huo.

Neno "papa" katika Kiluhya ni baba, kama lilivyo kwetu, ambako tunamwita hivyo baba mzazi na pia mwanaume yeyote wa umri wake. Basi ni zaidi ya jina: ni neno la ukoo. Anayelitamka anajiweka mwenyewe katika nafasi ya mtoto. Watazamaji waliolitamka kila wiki walikuwa, kwa sarufi tu, watoto wa nyumba ile.

Sasa tazama habari za kifo zilivyosemwa. Watu walisema: Papa Shirandula amefariki. Kiima cha kitenzi ni mhusika, si mwigizaji. Ikiwa lugha yenyewe imekwisha kutangaza kwamba Papa amekufa, wiki ijayo humwonyeshi Papa mwenye uso mwingine bila kuwaambia watu kwamba kilio chao kilikuwa bure. Kipindi hakikupewa Papa mwingine, kilisimama. Naona ilikuwa haki. Jina la kipindi, jina la mhusika na mtu aliyekibuni vilikuwa kitu kimoja. Hata kiti kilikuwa kimekatwa kwa kipimo chake: anayeficha siri akiondoka, siri inaondoka naye, na Wilbroda hana tena cha kugundua.

Haki hiyo ilikuwa na bei. Waigizaji wenzake walipoteza meza waliyozoea kukutana. Watazamaji nao walipoteza kipindi kilichosikilizisha Kiswahili cha Kenya katika lafudhi zake nyingi, lafudhi ambazo darasani zinahesabiwa kuwa makosa.

Jina ambalo ni la mahali

Kenya hiyo hiyo ina mfano wa upande wa pili. Vioja Mahakamani, kipindi cha televisheni ya taifa, kiliendelea kwa miongo mingi huku waigizaji wakija na wengine wakiondoka. Tazama jina lake: linataja mambo yanayotokea, na mahali yanapotokea, kwa kiambishi -ni cha mahali. Hakuna mtu ndani yake. Mahakama ina kiti cha hakimu, mahali pa mwendesha mashtaka na kizimba cha mshtakiwa. Hakimu akiondoka, kiti kinasubiri hakimu mwingine, kama ilivyo katika mahakama ya kweli, wala mtazamaji haoni kwamba amedanganywa.

Katikati ya mifano hii miwili nakiweka kipindi cha Vitimbi na Mzee Ojwang wake. Benson Wanjau, aliyefariki tarehe 12 Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, na mzee aliyemwigiza alikuwa Mjaluo, kwa jina na kwa matamshi. Wapo waliomdhani Mjaluo wa kuzaliwa. Kwa mwanaisimu huu ni ushahidi mzito: lafudhi ya mhusika haikutoka katika damu ya mwigizaji. Aliisikiliza, akajifunza, akaivaa. Na kilichojifunzwa na mmoja kinaweza kujifunzwa na wa pili. Hata hivyo, alipofariki, waliomlilia walimlilia Ojwang. Yaani kiti kinaweza kufundishika kabisa, na bado jina likawa limekwisha kushikana na mwili wa mtu mmoja.

Kurithi si kuiga

Hapa ndipo desturi za upande wetu zinapotusaidia. Katika Kibemba na katika Kiluba cha Katanga kuna kitenzi -pyana. Kiswahili bora kinakitafsiri kwa "kurithi", neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo tukilisikia tunafikiri kwanza nyumba, shamba na fedha. Lakini -pyana inamhusu mtu kabla ya mali. Marehemu akiwa amekwisha kuliliwa, ukoo unakaa, unachagua, na mbele ya watu anasimamishwa mmoja achukue jina na nafasi. Kuanzia siku hiyo wajukuu wa marehemu wanaweza kumwita kijana huyo babu, hata kama wanamzidi umri.

Kwa watu wa Luapula, mto ambao Kasenga yetu iko kando yake, jambo hili lilifika hadi katika nafsi za kitenzi. Ian Cunnison, aliyeandika juu yao katika miaka ya 1950, alionyesha kwamba mwenye cheo anaweza kusimulia matendo ya waliomtangulia kwa kusema "mimi": mimi nilivuka mto, mimi nilipigana, ingawa aliyevuka alikufa zamani sana. Kwetu wanafunzi wa sarufi, nafsi ya kwanza ni yule anayesema sasa. Kule, nafsi ya kwanza ni kiti, na anayekikalia anasema kwa niaba ya wote waliokikalia.

Angalia lakini jambo ambalo mrithi huyo hafanyi. Haigi sauti ya marehemu. Haigi mwendo wake, wala hamwambii mtu yeyote kwamba marehemu hakufa. Anapokea mahusiano: madeni, wajukuu, wakwe, watani. Kila mtu anajua kwamba mwili ni mwingine, na ndiyo maana jina linaweza kupita bila uongo. Kosa la televisheni nyingi ni kwenda kinyume kabisa: kumtafuta mtu anayefanana, kumvika kofia ile ile na kuomba watazamaji wasiulize. Huko ni kuiga, na kuiga kunakuwa dhihaka haraka.

Wageni nao wamefika karibu na wazo hili bila kulijua neno letu. Marekani, John Ritter alifariki tarehe 11 Septemba 2003 wakati 8 Simple Rules, kipindi cha kuchekesha alichoongoza kama baba wa nyumba, kilikuwa kikiendelea kutengenezwa. Watengenezaji hawakuleta baba mwingine. Baba alikufa ndani ya hadithi pia, nyumba ikalia, wakaingia babu na jamaa wengine, na kipindi kikaendelea hadi 2005. Jina la kipindi halikuwa la mtu, hilo liliwarahisishia. Na wengi wetu tumeona ilivyokuwa kwa Chadwick Boseman, aliyefariki Agosti 2020, mwezi mmoja tu baada ya Bukeko. Katika filamu ya 2022 hakuna mwigizaji mwingine aliyepewa T'Challa. Cheo cha Black Panther kilipokelewa na dada yake mbele ya macho yetu, na jina likakutwa kwa mtoto. Mzee wa ukoo hapa kwetu angesema: sawa, wamepyanisha.

Je, kilio na kicheko vinakaa pamoja?

Kuna pingamizi moja ambalo nimelisikia mara nyingi: mambo ya ukoo ni mazito, na vichekesho ni vyepesi, huwezi kuleta kifo katika kipindi cha kuchekesha. Mwenye kusema hivyo asahau kwanza vitabu, akumbuke misiba. Watani wana kazi yao msibani, na kazi hiyo ni pamoja na kuchekesha. Wabemba wanawaita banungwe. Tanzania nako watani wanaruhusiwa kumwigiza marehemu na kudai vitu vyake huku wafiwa wanafuta machozi. Kicheko cha mtani hakifuti kifo, kinakisema. Kipindi kinachoweza kumlilia mtu wake na kisha kucheka tena kinafanya kazi ambayo jamii zetu zimeijua siku nyingi.

Kinachopotea kwetu

Lubumbashi ina sababu yake ya kulijali swali hili. Kiswahili chetu cha kila siku, chenye katoto na tutoto, chenye Kifaransa, Kiluba na Kibemba ndani yake, kina vitabu vichache mno. Kilipata redio na televisheni kwa sababu ya wachekeshaji. Mkubwa kati yao ni Odilon Kyembe Kaswili, aliyejulikana kwa jina la Mufwankolo, na jina lake la mchezo likawa jina la kundi zima. Hilo peke yake ni hatua ya -pyana: jina limetoka katika mwili mmoja, limekuwa nyumba ya wengi. Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na wenye majina yao, kama Kachelewa, ambaye jina lake linachekesha kabla hajafungua mdomo.

Mwaka 1986, Katanga ikiitwa Shaba, mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatana na kundi hilo likiandaa mchezo juu ya mamlaka. Kitabu chake, Power and Performance, kilitoka 1990, na ndani yake mazungumzo ya mazoezi yameandikwa kwa Kiswahili cha hapa. Kundi halikuwa linasoma maneno kutoka kwenye karatasi. Lilikubaliana juu ya kisa, kisha kila mmoja akajitungia maneno yake. Maana yake ni kwamba kwa michezo mingine mingi ya namna hiyo hakuna karatasi ya kurudia. Mchezaji akiondoka, na kipindi kikifungwa, na kaseti ikaharibika, methali alizozipindua, matusi yake ya adabu na namna yake ya kukatiza maneno haviandikwi popote.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kama jina, kiti na mwili vimekuwa kitu kimoja, kipindi kipumzike na jina lipumzike nacho. Kama kiti kinasimama chenyewe, kiendelee, kwa masharti matatu: kifo kisemwe ndani ya hadithi, familia ya marehemu iulizwe kabla ya kituo cha televisheni kuamua, na anayeingia asiambiwe aige. Jina la mtu lisigeuzwe bidhaa ya mwenye kituo, maana hakulizaa wala hakulipewa na ukoo.

Lakini kufunga au kuendelea, kuna kazi inayotuhusu sisi wa kitivo hiki na ambayo haisubiri kifo cha mtu. Nyumba nyingi za mji huu zina kaseti za redio na kanda za video za michezo ya zamani, zinazooza kwa joto na unyevu. Darasani tunajifunza kunukuu usemi, kutia alama za toni, kutenganisha mofimu. Tuanze na hizo, kanda moja kwa kila mwanafunzi, huku waigizaji wazee wangalipo kutuambia nani anasema nini na kwa nini watu walicheka pale.