Ningemzuia Papa asiuze shamba?

Nikiwa mwaka wa pili wa chuo, Papa aliuza shamba letu la bondeni ili nilipe minervali. Leo niko na lisansi ya agronomia, na ile shamba njo ningehitaji: udongo mweusi, maji karibu. Usiku nawaza: kama ningekuwa na mashine ya kurudi nyuma, ningefika ile asubuhi nimwambie, "Papa, usisinye ile karatasi."

Halafu napiga hesabu. Asipouza, sisomi. Nisiposoma, sijui thamani ya ule udongo, na sina sababu ya kurudi kumzuia. Basi anauza. Akiuza, nasoma, narudi kumzuia… Inazunguka tu.

Wasomi wanaiita paradoksi ya babu, juu ya mfano wa mutu anayerudi kumuua babu yake kabla babu hajazaa. Mfaransa René Barjavel aliiingiza katika riwaya yake Le Voyageur imprudent, kitabu cha 1944. Lakini musifikiri ni mambo ya riwaya tu. Mwaka 1949 Kurt Gödel alionyesha kwamba hesabu za Einstein zenyewe zinakubali ulimwengu unaozunguka, ambamo ukisafiri mbele unaweza kufika jana. Ulimwengu wetu hauonekani kuwa wa namna ile, lakini hesabu haikukataa.

Mwenye alinisaidia zaidi ni David Lewis, mwanafalsafa wa Marekani, katika maandishi yake ya 1976. Anasema neno "naweza" linategemea unahesabu mambo gani. Bunduki iko, mkono ni mzima: naweza kumuua babu. Lakini babu aliishi akazaa, na hilo limekwisha kutendeka: siwezi. Risasi itakosa, ama nitateleza. Hakuna muujiza, kitu kidogo tu kitaharibika.

Kwangu mimi, nitakuta njia ni matope, Papa amekwisha kusinya. Ama mubaya zaidi: nitawahi, nimweleze yote, naye aseme, "Kumbe mutoto wangu atakuwa agronomu?" Halafu auze haraka, juu ya maneno yangu mwenyewe. Hii njo inaniogopesha, sababu namjua Papa.

Juzi nilipita pale. Mwenye kununua alipanda mihogo fasi maji yanasimama, inaoza. Nikamwonyesha namna ya kuinua matuta. Akauliza nilijifunzia wapi. Sikumwambia kwamba yeye njo alilipa.