Nywele za Singa na Namna ya Kuzijaza

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa ni nchi ya korosho na ufuta, na uto wa ufuta umekuwa huko dawa ya kwanza ya kichwa, hata imekuwa ada kwamba mtu akilalamika kuwa nywele zake zimekauka, zimekatika au zimepooza, jawabu apewalo ni kuongeza mafuta. Jawabu hilo ni la haki kwa nywele za kipilipili. Walakini wamo katika miji hii wanaume, aghalabu wa asili ya Kihindi au ya Kiarabu na waliochanganya damu, ambao Mwenyezi Mungu amewajaalia nywele za singa, tena nyembamba. Nao wakizifuga hata zikafika mabegani huziona zimelala juu ya fuvu na ngozi ya utosi ikichungulia kati yake. Kwa hao, mafuta ni kuzidisha balaa.

Sababu yake ni dhahiri kwa mwenye kutazama umbile la unywele. Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000, na kila moja huota katika kishimo chenye tezi itoayo mafuta yake yenyewe. Katika nywele za kipilipili mafuta hayo hukwama kwenye mapindi ya kwanza na ncha zikabaki kavu, ilhali katika singa hushuka bila kizuizi, kama maji ya mvua yateremkavyo katika kamba iliyovutwa. Unywele mwembamba, ambao upana wake haufikii sehemu 6 za mia za milimita moja, hauna nguvu ya kuubeba mzigo huo, basi huinama na kugandamana na wenzake. Fauka ya hayo, urefu nao ni uzito: kila sentimita iongezekayo, na unywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, huvuta shina chini.

Kwa hiyo kuzijaza nywele za namna hii si kuongeza kitu, bali ni kuondoa. La kwanza kuondolewa ni mafuta na mabaki ya sabuni, na hapa sioni sababu ya kukimbilia chupa za ghali madhali mkunazi upo. Majani yake yana dutu itoayo povu na kuchukua mafuta. Hukaushwa kivulini, yakatwangwa, yakachekechwa, unga wake ukavurugwa kwa maji ya uvuguvugu, ukapakwa kichwani kwa muda wa dakika kumi kisha ukasuuzwa vizuri. Watu wa Omani na Yemen huosha nywele kwa majani hayo tangu zama za kale. Wapo kwetu wanaoyachukia kwa kuwa ndiyo yatumikayo kuoshea maiti; hofu hiyo haina msingi, maana yalichaguliwa kwa ajili ya tohara, na aliye hai anaihitaji tohara hiyo kadhalika. Sabuni ya mche naikataa kabisa, hasa kwa maji ya kisima yasiyotoa povu upesi, kwani chokaa iliyomo huungana na sabuni ikawa utando mzito juu ya unywele.

La pili, nalo wengi hawalijui, ni kukausha. Unywele ukilowa, vifungo vidogo vya ndani viushikavyo katika sura yake hufunguka, na ukikauka hufungika tena katika sura ile utakayokuwa nayo wakati huo. Basi mwenye kuziacha zikauke zimelala amezifunga zilale. Ainamishe kichwa, nywele zining'inie mbele, azikaushe mashina kwa vidole au kwa hewa ya mashine isiyo kali, kisha ainuke. Katika msimu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hata Aprili, unyevu wa hewa utaifungua kazi hiyo kabla ya alasiri. Katika kiangazi hudumu zaidi.

Kwa kinyozi, amwombe ncha zikatwe sawasawa kwa mkasi, urefu usipite mabega, wala asikubali zipunguzwe kwa wembe, maana ncha zilizochongwa huonekana haba. Hina safi nayo huugandama unywele na kuunenepesha kidogo, kwa sharti la kuridhika na wekundu wake. Lakini piko, ile nyeusi ichanganywayo na dawa ya viwandani iitwayo parafenilenidayamini, huweza kuiunguza ngozi ikatoa malengelenge, na isikaribie kichwa.

Yote haya ni kwa nywele zilizo nyembamba kwa maumbile. Mwenye kuona zinapukutika kwa mafungu, au paji likirudi nyuma mwaka hata mwaka, asipoteze wakati kwa majani wala hina. Na aende kwa tabibu mapema, kwani upungufu wa madini ya chuma na maradhi ya tezi ya shingo ni miongoni mwa sababu za kupukutika, nayo hutibika.