Kupitisha Waya wa Umeme Kwenye Ukuta Mkongwe Usionyooka

Kuta za nyumba nyingi kongwe za pwani yetu, kuanzia Tanga na Pangani hadi Bagamoyo na Kilwa, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hii umevimba mahali pamoja na kubonyea mahali pengine, na lipu yake ni laini kuliko ya saruji. Mwenye nyumba anapotaka kuongeza soketi au taa, mara nyingi hushauriwa achimbe mfereji wa kukatiza ukuta, alaze waya humo na kuufunika kwa lipu, kwa kuwa njia hiyo ni fupi na haionekani. Tunashauri ushauri huo ukataliwe.

Hatari ya waya uliofichwa

Waya uliofukiwa husahauliwa. Siku moja mpangaji mpya, au mtoto wa nyumba hiyo hiyo, atapigilia msumari wa kutundika saa. Msumari ukiutoboa waya wenye umeme wa volti 230, unaweza kumuua aliyeushika. Ndiyo maana waya wa ukutani hupitishwa wima au mlalo kutoka kwenye swichi au soketi inayoonekana, au ndani ya sentimita 15 kutoka dari au kona ya ukuta. Kwa utaratibu huo, anayeiona soketi hutambua mahali pasipofaa kupigilia msumari. Kutonyooka kwa ukuta si sababu ya kuuvunja utaratibu huu.

Njia tunayoipendekeza

Kwa ukuta mkongwe, njia iliyo salama zaidi ni kupitisha waya juu ya ukuta, ndani ya mfereji wa plastiki wenye mfuniko ambao mafundi huuita trankingi. Lipu haichimbwi, waya hauguswi na chumvi wala unyevu wa ukuta, na kila mtu huiona njia yake. Mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Ukuta ugongwe kwa vidole njia nzima. Sauti ya uwazi huonyesha kuwa lipu imeachana na jiwe. Sehemu hiyo itengenezwe kwanza.

2. Mstari upigwe kwa timazi na pimamaji, wala usikadiriwe kwa macho.

3. Trankingi isilazimishwe kufuata mabonde ya ukuta, kwani ikipinda mfuniko hufunguka na skrubu hung'oka. Ifungwe kwenye sehemu zilizoinuka. Penye bonde kubwa iwekewe kipande cha ubao nyuma yake.

4. Gundi pekee isitegemewe, maana haishiki kwenye chokaa inayotoa vumbi. Skrubu ziwe ndefu za kutosha kuipita lipu na kushika jiwe.

5. Upenyo unaobaki uzibwe kwa mchanganyiko wa chokaa na mchanga. Saruji tupu ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, hivyo hupasuka na kuachia.

Tunafahamu kwamba trankingi haipendezi kama ukuta mtupu. Hata hivyo, inaweza kupitishwa chini ya dari au pembeni mwa fremu ya mlango, kisha ikapakwa rangi ya ukuta.

Kabla ya kulipa

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA; mwombe akuonyeshe leseni hiyo kabla hajaanza, na mein swichi izimwe wakati wote wa kazi. Kwa kawaida waya wa taa huwa wa milimita za mraba 1.5, na wa soketi 2.5. Kazi ikikamilika, usiridhike kwa kuwa taa imewaka, kwani taa huwaka hata pale ambapo waya wa ardhi haukuunganishwa. Omba mambo manne: waya wa ardhi na ukinzani wa nyaya vipimwe kwa mita mbele yako, kifaa cha kukata umeme unaovuja, yaani RCD ya miliampia 30, kijaribiwe kwa kubonyeza kitufe chake, mchoro mwepesi wa njia za nyaya, na risiti yenye namba ya leseni.

Mchoro huo uhifadhiwe pamoja na hati za nyumba. Nyumba ikipangishwa au kuuzwa, akabidhiwe anayeingia, ili naye ajue umeme unapita wapi.