NISHATI YA KITABUNI NA NISHATI YA NDANI YA SELI

Leo tuitazame hesabu moja ya Kemia ambayo wengi huikimbia kabla hawajaijua.

Kitabu chasema: ATP ikivunjika kuwa ADP na fosfeti, nishati huru hubadilika kwa kilojuli -30.5 kwa kila moli. Alama ya kutoa yamaanisha mmenyuko waweza kwenda wenyewe. Sawa. Lakini namba hiyo ni ya mahali ambapo ATP, ADP na fosfeti, kila kimoja kimewekwa moli 1 kwa lita. Seli gani iko hivyo? Hakuna! Ni kama bei ya samaki. Hata iandikwe ubaoni, madau yakirudi Malindi yamejaa, ubao hausaidii kitu. Watu hutazama samaki ni wangapi na wanunuzi ni wangapi.

Basi kanuni ni hii: nishati halisi = nishati ya kawaida + RT ln Q. Q ni vilivyotokea kugawanya kwa vilivyotumika. Katika chembe nyekundu ya damu ATP ni kama milimoli 2.25 kwa lita, ADP 0.25, fosfeti 1.65. Zigeuzeni ziwe moli: Q ni 0.000183, na logi yake asilia ni -8.6. Kwa joto la mwili, nyuzi 37, RT ni kilojuli 2.58. Zidisha upate -22.2, jumlisha na -30.5: karibu -53! Ati ATP ni ile ile.

Sasa hesabu hii yatuhusu sisi wa Kilifi. Kimelea cha malaria kikiingia ndani ya chembe nyekundu hula glukosi kwa pupa na kuigeuza asidi laktiki. Mwaka 1995 watafiti wa kituo cha KEMRI pale hospitali ya Kilifi, kilichoanza 1989, walionyesha kwamba mtoto mwenye malaria aliyepoteza fahamu, au anayepumua kwa shida, ndiye aliye hatarini zaidi. Kupumua huko hutokana sana na asidi kuzidi damuni.

Mtu angedhani laktiki ikijaa, mmenyuko utajifunga. Pigeni hesabu. Glukosi moja hutoa laktiki mbili. Kwa hiyo laktiki ikiongezeka mara 10, Q hupanda mara 100, na 2.58 mara 4.6 ni kilojuli 12 tu. Nishati ya kawaida ya mmenyuko huo ni zaidi ya 180, upande wa kutoa. Hata ukiondoa ya kutengenezea ATP mbili, 53 mara 2, bado yabaki tele. Kimelea hakisimami. Ndiyo maana hospitalini sukari ya mtoto hupimwa upesi, naye hudungwa atesuneti ya kuviua vimelea vyenyewe.